Binti mfalme aliyetaka kuona nje ya ukuta

Ndugu zangu wasomaji, kimya kimekuwa kirefu, naomba mnisamehe. Kazi za chumba cha habari mnazijua: ukimaliza ya leo, ya kesho imeshakaa mezani inakutazama. Lakini kuna jambo limenikaa kichwani wiki mbili sasa, nikiona nisipoliandika halitaniacha nilale. Ni habari ya filamu moja ya Korea Kusini ya mwaka 1967. Kwa Kikorea inaitwa Gongjunim-ui jjaksarang. Kwa Kiswahili chetu tuseme "Mapenzi ya upande mmoja ya binti mfalme".

Ukisimuliwa kisa chenyewe utasema, aah, hiki nakijua. Binti mfalme amelelewa ndani ya kuta za kasri, amechoka na taratibu za humo ndani, anampenda kijana msomi, anatoka nje kwenda kuuona ulimwengu ambao watu wengine wanaishi kila siku bila kuushangaa. Ni filamu ya kuchekesha. Wengi mtakumbuka ile ya Wamarekani ya mwaka 1953, Roman Holiday, ambamo Audrey Hepburn anatoroka usiku akazurura Roma siku nzima na mwandishi wa habari. (Sisi waandishi tunaipenda ile filamu kwa sababu zetu wenyewe.) Basi na hii ya Korea ni ndugu yake, ila imevaa nguo za enzi za Joseon, ule ufalme uliotawala Korea kuanzia 1392 mpaka mwanzoni mwa karne ya 20.

Stelingi wake ni Nam Jeong-im, binti aliyekuwa ameingia kwenye sinema mwaka mmoja tu kabla. Mwaka 1966 alipata nafasi katika filamu ya mwongozaji Kim Soo-yong iliyotokana na riwaya ya Yi Kwang-su, na jina la msichana wa kwenye riwaya, Nam Jeong-im, akalichukua likawa jina lake la usanii mpaka kufa. Yeye, Moon Hee na Yoon Jeong-hee waliitwa "troika", neno la Kirusi la gari linalovutwa na farasi 3, kwa maana sinema nzima ya Korea ya miaka ile ilikuwa inavutwa na wasichana hao 3.

Lakini sikuanza kuandika kwa ajili yake. Nimeanza kwa sababu ya mtu aliyesimama nyuma ya kamera, nitamfikia. Na kwa sababu ya neno moja kwenye jina la filamu: upande mmoja.

Hebu fikiria. Binti wa mfalme anakupenda. Wewe ni kijana wa miaka kama 20 hivi, umesoma, nyumbani kwenu mna heshima lakini hamna makuu. Kwa akili zetu za kawaida hiyo ni bahati nasibu, umeshinda. Kwa nini basi mapenzi yawe ya upande mmoja? Kijana gani huyo anayemkataa binti wa mfalme?

Jibu liko kwenye historia, na kwangu mimi ndilo lililoifanya filamu nyepesi iwe nzito.

Kule Joseon, mtoto wa kiume wa ukoo wa wasomi alisomeshwa tangu utotoni kwa lengo moja, nalo ni mtihani wa serikali, gwageo. Mtihani mkuu wa kawaida ulifanyika kila baada ya miaka 3, na waliofaulu ngazi ya mwisho walikuwa 33 tu. Nchi nzima, watu 33. Ukifaulu unapata cheo, cheo kinaleta heshima, heshima inabeba ukoo mzima na wazee waliokwishakufa. Usipofaulu unarudia, wengine walirudia mpaka mvi zikatoka. Mtoto akilala usiku kitabu kiko pembeni, mama naye anasali kwa ajili ya mtihani huo.

Sasa, mume wa binti mfalme, ambaye waliita buma, hakuruhusiwa kushika kazi ya kweli serikalini. Alipewa cheo cha heshima, mapato, jina zuri, na akaandikishwa kwenye ofisi maalumu ya wakwe wa mfalme iliyoitwa Uibinbu. Angeweza kutumwa ujumbe nchi za nje, au kusimamia sherehe. Basi. Mambo ya kutawala hayamhusu tena. Sababu yake inaeleweka: mfalme hakutaka wakwe zake wageuke kuwa kundi lenye nguvu pembeni ya kiti. Lakini kwa kijana aliyekesha na vitabu miaka 15, ndoa hiyo ilikuwa ni kufungiwa mlango wa maisha. Na si hilo tu. Hakutakiwa kuwa na suria, wakati wenzake wote wenye uwezo walikuwa nao. Na tangu 1681 ikawa marufuku hata kuoa tena mke akifa.

Ndiyo maana familia nyingi hazikukimbilia bahati hiyo. Binti wa mfalme alipofikia umri wa kuolewa, serikali ilitangaza marufuku ya ndoa, geumhonryeong. Vijana wote wa koo zinazofaa hawaruhusiwi kuoa mpaka mfalme amalize kuchagua. Wazazi wanatakiwa kupeleka majina ya watoto wao. Halafu unafuata mchujo wa mara 3, na mwisho anabaki mmoja. Watoto wenyewe walikuwa wadogo mno, miaka 10, 12, 13. Mapenzi hayamo kabisa katika hesabu hiyo.

Nilipofika hapo ndipo nikarudi kulitazama jina la filamu kwa jicho jingine. Sisemi kwamba waliotengeneza vichekesho vile walikuwa wanafundisha sheria za Joseon. Ila mtazamaji wa Seoul ambaye alikua na hadithi za enzi hizo hakuhitaji kufundishwa. Alijua kwamba binti mfalme akikupenda, wewe ndiye unayelipa.

Na binti mwenyewe je? Watu husema "alifungiwa kasrini" kana kwamba angekaa humo mpaka uzeeni. Hapana. Binti mfalme wa Joseon alipoolewa alitoka, akahamia nyumba yake nje ya kasri. Neno lao la ndoa hiyo ni harga, maana yake ni kushuka, yaani anashuka kutoka juu kwenda kuolewa chini. Hata ukubwa wa nyumba yake ulipangwa na sheria. Kitabu kikuu cha sheria, Gyeongguk Daejeon, kilichoanza kutumika 1485, kilisema nyumba ya binti wa malkia isizidi kan 50, kan ikiwa ni nafasi iliyo kati ya nguzo 4. Ya binti wa suria kan 40. Mtu wa kawaida kan 10. Kwa hiyo alitoka kwenye ukuta mmoja akaingia kwenye ukuta mwingine uliopimwa kwa kamba. Njiani alifunikwa ndani ya machela. Mji aliusikia tu kwa masikio.

Kuna mmoja ambaye habari zake ziliniuma, Jeongmyeong, aliyezaliwa 1603, binti wa Mfalme Seonjo. Baba alipofariki, kaka yake wa mama mwingine, Gwanghaegun, akachukua kiti. Mdogo wake Jeongmyeong wa kiume akauawa akiwa bado mtoto, na mwaka 1618 mama yao, aliyekuwa malkia, akavuliwa heshima na kufungiwa pamoja na binti kwenye jumba linaloitwa leo Deoksugung. Wakakaa humo miaka 5. Mwaka 1623 Gwanghaegun alipinduliwa, mama na binti wakatolewa. Binti alikuwa na miaka kama 20, umri ambao kwa desturi za kasri ulikuwa umepitiliza mno. Wakamtafutia mume haraka haraka, Hong Ju-won, mdogo kwake. Huyo mume, kama ilivyo kawaida ya wakwe wa mfalme, alikuja kutumwa ujumbe China. Jeongmyeong aliishi mpaka 1685. Maandishi yake makubwa ya mkono, alama mbili tu za Kichina, bado yapo, na wino wake una nguvu za mwanamume wa vita. Sijui kwa nini hawajamtengenezea filamu nyingi zaidi. Tamthilia ipo, ya mwaka 2015.

Kwa hiyo historia haikutoa binti mfalme wa kuzurura. Lakini hadithi zilimtoa, na zilimtoa mapema sana.

Wale mliokesha na DVD za Jumong mnaikumbuka Goguryeo, ufalme ambao yeye ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wake. Sasa huko huko Goguryeo, karne ya 6, enzi za Mfalme Pyeongwon, kulikuwa na binti mdogo aliyekuwa akilia hovyo. Baba yake akawa anamtania: ukiendelea kulia nitakuoza kwa Ondal mjinga. Ondal alikuwa maskini, amevaa matambara, anaombaomba ili amlishe mama yake kipofu, na watu wakimcheka. Binti akafika miaka 16. Baba akataka kumwoza kwenye ukoo mkubwa. Binti akasema: hapana, wewe mwenyewe ulisema Ondal, na neno la mfalme si mchezo. Baba akakasirika, akamwambia basi toka. Akatoka kweli, na bangili za dhahabu mkononi, akaulizia njia mpaka kibandani kwa Ondal. Mama mtu kipofu alimshika mkono, akasikia ulaini wake na harufu yake, akamwambia huyu mwanangu si wa hadhi yako. Ondal mwenyewe alipomwona alidhani ni jini au mbweha aliyejigeuza mtu, akakimbia. Binti akalala nje ya mlango. Asubuhi akaingia tena. Akauza bangili, akanunua shamba, nyumba na farasi, akamfundisha mumewe kuchagua farasi, na Ondal akawa jemadari.

Kisa hicho kimo kwenye Samguk Sagi, kitabu cha historia cha mwaka 1145 kilichoandikwa na Kim Bu-sik, mtu wa serikali, mkali, asiye na mchezo. Nami nakipenda kwa sababu moja: hakuna mvulana mzuri aliyeonekana kupitia upenyo wa pazia. Binti anatoka kwa sababu ya neno la baba yake. Anamshika baba kwa ulimi wake mwenyewe.

Kingine ni cha karne ya 15 lakini kiliandikwa baadaye sana, mwaka 1873, kwenye mkusanyiko unaoitwa Geumgye Pildam. Mfalme Sejo alikuwa amempora kiti mtoto wa kaka yake, na mwaka 1453, akiwa bado mwana wa mfalme tu, aliongoza mapinduzi yaliyomuua mzee Kim Jong-seo, nguzo ya serikali. Inasimuliwa kwamba Sejo alikuwa na binti aliyempinga baba yake kwa sababu ya damu ile. Malkia akaogopa hasira za mume, akampa yaya dhahabu, akawatorosha usiku. Huko milimani wakakutana na kijana mmoja aliyekuwa amejificha. Wakakaa pamoja, akamwoa. Siku walipoambiana ukweli ndipo ikajulikana: kijana ni mjukuu wa Kim Jong-seo. Mtoto wa muuaji na mjukuu wa aliyeuawa chini ya paa moja. Miaka ikapita, mfalme akawa anapita upande ule, akamwona binti yake, akalia, akataka kuwachukua. Watu wake walipokuja kuwafuata wakakuta nyumba tupu. Hii ni hadithi, jamani, kwenye kumbukumbu za serikali haimo. Lakini mwaka 2011 Wakorea waliigeuza tamthilia ya televisheni, The Princess' Man, ikapendwa sana.

Sasa turudi 1967. Nchi iko chini ya Park Chung-hee, mwanajeshi aliyechukua madaraka kwa mapinduzi ya 1961. Sheria ya filamu ya 1962 imeyabana makampuni mpaka yakabaki machache makubwa. Filamu zilikuwa nyingi ajabu: kufikia mwisho wa muongo ule walikuwa wanatoa zaidi ya 200 kwa mwaka, na tiketi zilizouzwa mwaka 1969 zilipita milioni 170, nchi ikiwa na watu kama milioni 31. Televisheni ilikuwa haijaingia majumbani sana. Lakini ukigusa siasa unaumia. Mwongozaji Lee Man-hee alikamatwa 1965 kwa sababu filamu yake iliwaonyesha askari wa Kaskazini kama binadamu. Kwenye hali hiyo, kasri la zamani lilikuwa mahali salama pa kupeleka kamera. Mfalme wa kwenye filamu amekufa miaka 300 iliyopita, hatampigia simu mkaguzi.

Na waliojaza kumbi mchana walikuwa wanawake. Wenyewe waliwaita "watazamaji wa viatu vya mpira", kwa sababu ya gomusin, vile viatu vya mpira vya mama wa nyumbani wa kawaida. Wengi wao waliolewa kwa kutafutiwa. Mshenga alikuja, wazazi wakakubaliana, siku ikapangwa. Kwao binti anayetoka nje mwenyewe kwenda kumtazama mwanamume aliyempenda, hata kama ni vichekesho, hata kama ana taji, lilikuwa jambo la kulipia tiketi. Wakitoka ukumbini walirudi kwa mama mkwe.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo halikuwa la kuchekesha. Mwaka 1967 binti mfalme wa kweli alikuwa hai, mjini Seoul hapo hapo, na alikuwa mgonjwa.

Jina lake Deokhye. Alizaliwa 1912, miaka 2 baada ya Japani kuimeza Korea, baba yake Gojong akiwa mfalme aliyekwishaondolewa kitini. Mzee alimpenda mtoto huyu wa uzeeni kupita kiasi. Aliamuru chekechea ifunguliwe ndani ya kasri la Deoksugung ili binti asome bila kwenda mbali. Alijaribu pia kumposea kwa siri mpwa wa mtumishi wake wa karibu, ili Wajapani wasije wakamwoza wao. Haikuwezekana. Gojong alifariki Januari 1919, na mwaka 1925 binti, hajafikisha miaka 13, akapelekwa Tokyo "kusoma". Mama yake akafariki 1929. Akili zake zikaanza kuyumba. Mwaka 1931 akaozwa kwa bwana mkubwa wa Kijapani, Sō Takeyuki wa Tsushima. Akazaa binti. Baada ya vita alikuwa kwenye hospitali ya magonjwa ya akili Tokyo, na ndoa ikavunjika.

Aliyemtafuta na kuwapigia kelele wakubwa mpaka wakamkumbuka alikuwa mwandishi wa habari, Kim Eul-han. Nimefurahi kuandika sentensi hiyo. Mwaka 1950 alimkuta hospitalini huko Tokyo, akaanza kuandika na kubisha hodi kwenye milango. Serikali ya kwanza ya Korea Kusini haikuwa na hamu na watu wa ukoo wa kifalme. Ilichukua mpaka Januari 1962, chini ya Park, ndipo Deokhye aliposhuka kwenye ndege Seoul. Alikuwa na miaka 49, na miaka karibu 37 ilikuwa imepita tangu aondoke.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, miaka 5 baadaye watu wanaingia ukumbini kumcheka binti mfalme anayetaka kutoka kasrini. Wa kweli alitolewa, hakutoka. Sidhani kama kuna mtu aliyekuwa na wazo la kulinganisha, na pengine ndiyo maana kicheko kiliwezekana.

Nilisema nitamfikia aliyesimama nyuma ya kamera. Ni mwanamke, Choi Eun-hee.

Wakorea walimjua kama mwigizaji, tena mkubwa kuliko wote wa kizazi chake. Mwaka 1961 peke yake aliigiza Seong Chunhyang, kisa cha binti wa mburudishaji anayependwa na mtoto wa afisa, iliyoonyeshwa Seoul siku 74 mfululizo ikavuta watu kama 380,000. Na mwaka huo huo akaigiza mjane katika filamu ya Mgeni wa mama na mimi. Hiyo ya pili itafuteni. Mjane anampenda mpangaji wake, naye mpangaji anampenda, na hakuna anayesema. Mtoto mdogo ndiye anayebeba habari bila kujua. Mama akisikia kwamba mgeni anapenda mayai ya kuchemsha, anaanza kununua mayai mengi. Mapenzi yote yamo kwenye mayai. Aliyeongoza filamu zote mbili ni mumewe, Shin Sang-ok, mwenye kampuni ya Shin Film, kampuni kubwa kuliko zote nchini wakati huo.

Choi alikuwa mwanamke wa 3 kuongoza filamu Korea Kusini. Wa kwanza, Park Nam-ok, alipiga filamu yake ya 1955 mtoto akiwa mgongoni, na yeye ndiye aliyewapikia mafundi chakula. Hakupata kuongoza ya pili. Wa pili, Hong Eun-won, mwaka 1962 alitengeneza filamu iliyotokana na kifo cha jaji wa kwanza mwanamke wa nchi hiyo. Choi akaanza 1965 na kisa cha msichana maskini anayechukuliwa akiwa mdogo na kulelewa nyumbani kwa watu ili awe mke wa mtoto wao wa kiume, huku mama mkwe akimtesa. Ya pili ndiyo hii ya binti mfalme. Ya tatu ilikuwa 1972.

Ziweke hizo mbili za kwanza pamoja uone. Mmoja maskini anaingizwa kwenye nyumba isiyo yake, mwingine tajiri anatafuta njia ya kutoka kwenye nyumba iliyo yake. Aliyekaa katikati yao ni mwanamke ambaye mwenyewe alikuwa anaitwa malkia wa sinema, anaishi na kufanya kazi ndani ya kampuni ya mume. Alikuwa na sababu ya kujua kwamba jumba zuri na jumba baya yote yana mlango, na ufunguo una mwenyewe.

Yaliyomkuta baadaye msomaji angeyakataa kama ningeyatunga. Ndoa ilivunjika 1976, baada ya Shin kuzaa watoto 2 na mwigizaji mwingine. Kampuni ilikuwa imenyang'anywa leseni 1975. Januari 1978 Choi alikwenda Hong Kong kwa habari ya kazi, akatekwa ufukweni, akapakiwa kwenye meli. Safari ya siku 8. Bandarini Nampo, Korea Kaskazini, aliyempokea kwa mkono wake alikuwa Kim Jong-il, mtoto wa mtawala, kichaa wa filamu. Akawekwa kwenye nyumba nzuri, chakula kizuri, nguo, zawadi za siku ya kuzaliwa, walinzi mlangoni. Kwa maneno mengine, kasri. Alikuwa na miaka 51.

Shin alipokwenda Hong Kong kumtafuta akapotelea huko huko mwaka ule ule. Alijaribu kutoroka mara 2, akatupwa gerezani miaka kadhaa. Wote wawili hawakuambiwa kwamba mwenzake yuko nchi hiyo hiyo mpaka Machi 1983, walipokutanishwa kwenye karamu mbele ya mwenyeji wao, kama watu kwenye mwisho wa filamu. Kisha wakaamriwa wafanye kazi. Mwaka 1985 Choi alishinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la Moscow kwa filamu ya Salt. Huku nyuma alikuwa anatembea na kinasa sauti kwenye mkoba, akimrekodi Kim Jong-il kwa siri, kwa sababu alijua siku akitoka hakuna atakayemwamini bila ushahidi. Mwandishi gani wa habari asiyemvulia kofia mama huyu?

Machi 1986 walipelekwa Vienna kwa shughuli za filamu. Wakapanda teksi, wakawaacha walinzi wao kwenye gari la nyuma, wakamwambia dereva aende ubalozi wa Marekani. Walipofika karibu wakashuka na kukimbia. Choi alikuwa na miaka 59. Walikaa Marekani miaka mingi, wakarudi Korea Kusini 1999. Shin alifariki Aprili 2006, Choi Aprili 2018.

Deokhye yeye aliishia ndani. Miaka yake ya mwisho alikaa Nakseonjae, nyumba ya mbao isiyo na rangi iliyo ndani ya kasri la Changdeokgung, jirani na shemeji yake Yi Bangja, Mjapani aliyeolewa na kaka yake. Deokhye alifariki tarehe 21 Aprili 1989, Bangja tarehe 30 ya mwezi huo huo. Filamu juu yake ilitoka 2016, na Son Ye-jin ndiye anayemwigiza.

Siku hizi ile nyumba watalii wanaingia. Kama kuna mdau wangu yeyote anayesoma au kufanya kazi Seoul, akipata nafasi anipigie picha ya lango lake kwa upande wa ndani. Za kutoka nje ninazo tayari.